Sahani ya Bhulu

Kila adhuhuri, katika vyumba viwili vya ghorofa ya pili mtaani Hatibagan mjini Kalkuta, Khiroda alipakua wali katika sahani nne, na walaji walikuwa watatu. Sahani ya kwanza ilikuwa ya mama yake, Bibi Nistarini, mjane wa miaka sabini aliyebakiwa na meno matano na ulimi uliokuwa mkali kuliko yote matano. Ya pili ilikuwa ya mwanawe Shashadhar, mchora katuni. Ya tatu yake mwenyewe. Ya nne ilikuwa ndogo, ya mtoto, nayo ilikuwa ya mdogo wake Bhulu, ambaye hakuna aliyemtia machoni tangu mwaka wa njaa kuu, miaka arobaini na mitatu iliyopita.

Sahani ya Bhulu iliwekwa karibu na mlango, ikafunikwa kawa. Ilikaa hapo mpaka jua liliposhuka nyuma ya tangi la maji la jirani, ndipo Bibi Nistarini akasema, "Leo naye hakuja. Haya Khiroda, kula, wali usitupwe." Khiroda akaivuta, akaula ule wali uliopoa na kukauka, na mama yake akamkodolea macho mpaka alipolamba vidole. Kwa watu wao mjane hula wali mara moja tu kwa siku, na anayerudia huhesabiwa mlafi. Majirani walimwona Khiroda akirudia kila jioni, mlango wazi, na walisema waliyosema.

Bibi huyo hakuwa na haya hata chembe. Mama kula kwa binti ni fedheha, maana yake hana mtoto wa kiume wa kumtunza, na yeye kila tonge alilisindikiza na neno. "Angekuwepo Bhulu wangu nisingekula kwa mkwe." Mkwe mwenyewe, baba yake Shashadhar, alikuwa mpangaji wa herufi katika kiwanda cha kuchapa vitabu na alikuwa ameshakufa miaka mingi, kwa kifua walisema madaktari, kwa kumsikiliza mkwewe walisema watu wa mtaani. Shashadhar alifika miaka thelathini na mitatu bila mke. Wazazi wa wasichana walipanda ngazi, wakawaona wajane wawili wameketi sakafuni kwa sari nyeupe, mmoja akitukana na mwingine akichambua dengu, wakanywa chai, wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine.

Ugomvi mmoja ulirudi kila mwaka, siku chache kabla ya Mahalaya. Siku hiyo, alfajiri ya mwezi wa giza unaotangulia sikukuu ya mungu wa kike, Mama Durga, wanaume hushuka mtoni wakawapa wafu wao maji na ufuta, mmoja mmoja, kwa majina yao kamili. Jina la kuitwa nyumbani halifai, mfu halisikii. Na Bhulu lilikuwa jina la nyumbani. Lile kamili alipewa siku alipolishwa wali wa kwanza, akiwa na miezi sita, na aliyebaki duniani akilijua ni Nistarini peke yake. Khiroda siku hiyo alikuwa na miaka mitano, na alichokumbuka ni utamu wa wali wa maziwa.

"Mama, litaje jina lake mwaka huu," Khiroda angesema. "Shashi ampe maji."

"Nani kakwambia kafa?"

"Mama, miaka yote hii."

"Si ulinambia mwenyewe? Bibi mmoja wa motokaa kamchukua, kampeleka kwa mayatima. Ulinambia au hukunambia?"

Hapo Khiroda aliinama akaendelea kuchambua dengu.

"Aliye hai hapewi maji ya wafu, yanamkata umri. Au ndicho unachotaka? Shashi, ukifika huko mtoni, mwanangu usimtie mdomoni."

Shashadhar alikwenda, akawataja wa upande wa baba yake, akawataja wa upande wa mama yake, akaruka pale alipopaswa kuwa Bhulu, akarudi nyumbani na nguo inayochuruzika. Alijua jambo moja tu mama yake alilolitaka duniani: kabla hajafa, mdogo wake apewe maji kwa jina lake. Alijua pia kwamba aliyeshika jina hilo hatalitoa. Lililobaki hakulijua.

Mwaka ule mhariri wa jarida la watoto liitwalo Kindi, Bwana Ghoshal, alimwita ofisini, uchochoro mmoja nyuma ya maduka ya vitabu. Ghoshal alikuwa mtu mfupi mwenye tumbo na imani. Imani yake ilikuwa kwamba historia ya shule ni ya kutia usingizi.

"Kitabu kinasema watu mamilioni walikufa njaa," alisema. "Mtoto anaandika hivyo kwenye mtihani, anapata alama zake, anakwenda kucheza mpira. Mchekeshe, Shashi. Akishaachama ndipo umtilie."

"Njaa ile nimchekeshe nayo, Kaka Ghoshal?"

"Wewe si ndiye mwenye mama wa Kanthi? Mama yako si alitembea toka huko mpaka hapa Kalkuta? Basi muulize. Nataka kurasa nane kila mwezi, na mwisho wake utoke kwenye toleo la sikukuu."

Shashadhar alimuuliza, na Khiroda hakuwa na kinyongo. Alisimulia njaa ile kama watu wengine wanavyosimulia harusi iliyoharibika. Alisimulia jinsi baba yake alivyouza sufuria akanunua mchele, akafika nyumbani akiimba, akakumbuka mlangoni kwamba hana cha kupikia. Alisimulia habari ya jirani aliyeuza mlango wa nyumba, kisha akalala kizingitini kuzuia wezi. Wezi wakaja, wakaangalia ndani, wakamhurumia. Baba yake alikufa wiki mbili baada ya sufuria, na hilo alilitaja kwa pumzi ileile.

Msimulizi wa katuni alikuwa kunguru mnene. Kunguru huyo alilalamika ukurasa mzima kwamba wanadamu wamevamia jalala lake na kula maganda aliyoachiwa na babu zake, akaenda mahakamani kuwashtaki. Hakimu alikuwa tumbusi, naye alimwambia asiwe na papara, mambo yatanyooka, chakula kitajileta chenyewe. Watoto wa Kalkuta nzima walicheka. Walimu waliandika barua za hasira, na Ghoshal akazibandika ukutani.

Ila aliyependwa kuliko wote alikuwa Bhulu. Khiroda alikuwa amemsimulia mwanawe tangu utotoni kwamba mdogo wake alikuwa na usingizi wa ajabu, akilala hata bomu la Wajapani halimwamshi, na Shashadhar akamchora hivyohivyo: mtoto wa miaka minne, kichwa kikubwa, mbavu za kuhesabika, amelala begani kwa dada yake wa miaka tisa kutoka Kanthi mpaka Kalkuta. Treni ilipita, hakuamka. Ng'ombe alimlamba, hakuamka. Waliokuwa wakililia maji ya wali mlango kwa mlango walimpigia kelele sikioni, hakuamka. Shuleni mtoto akisinzia darasani aliitwa Bhulu.

Bibi Nistarini hakujua kusoma. Aliyemsomea alikuwa Mithu, binti wa ghorofa ya chini, wa miaka kumi na mmoja, mdomo mkubwa, aliyeigiza sauti za kunguru na tumbusi. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu.

"Huyo ndiye Bhulu wangu," alisema akijifuta machozi. "Popote alipo atayaona haya. Atajijua. Ni mtu mzima sasa, ana tumbo, ana kalamu mfukoni. Atakuja kudai sahani yake." Kisha akamgeukia binti yake. "Nawe utamwambia nini, Khiroda? Utamwambia ilikuwa tamu?"

Shashadhar alimchukia bibi yake wakati kama huo, akajichukia kwa kutaka kucheka. Ucheshi alionao hakuutoa kwa mama yake peke yake.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya sikukuu zilibaki kurasa za mwisho. Ghoshal alikuwa na gunia la barua za watoto, na zote ziliuliza kitu kimoja: Bhulu ataamka lini?

"Ataamka," Ghoshal alisema. "Ataamka kwenye jiko la msaada, akisikia harufu ya mseto. Atakula pawa kumi, tumbo litapasua vifungo. Mwakani tunamfanya polisi mnene. Umenisikia?"

Shashadhar alisikia, na ilimpendeza. Alikwenda nyumbani akaweka ubao wake sakafuni, akaanza kuchora jiko la msaada penye kituo cha treni cha Sealdah: foleni ndefu, pipa la mseto, mpakuaji na upawa wake, na kibao cha sheria, kila mdomo uje wenyewe. Akamchora msichana kwenye foleni, mdogo wake kiunoni, kichwa kimelala begani, miguu imemkumbatia, kopo mkononi.

Khiroda, aliyekuwa akichambua mchele, aliinuka kuangalia. Hakuwahi kusahihisha mchoro hata mara moja. Siku hiyo aliweka ungo chini.

"Umekosea," alisema.

"Wapi?"

"Kichwa. Hakikulala hivyo. Na miguu hiyo umeikunja ya nini? Ilikuwa haikunjiki."

"Nioneshe."

Akauchukua mto mrefu wa kitandani. Hakuuweka kiunoni. Aliukumbatia kwa mikono miwili, mmoja chini na mmoja mgongoni, akajipinda nyuma kama mtu aliyebeba ubao, na kidevu chake akakikandamiza juu ya mto ili usiangukie nyuma. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, sari nyeupe, na mwili wake ulikuwa unakumbuka kila kitu.

Shashadhar akafuta, akachora upya. Mkono ulitangulia, akili ikafuata. Alikuwa amechora watoto mia waliolala, na alijua mtoto aliyelala hubebwa vipi: hulegea, humwagika, humezwa na bega la anayembeba. Huyu hakulegea.

"Na kopo?" aliuliza, bila kuinua macho. "Mikono yote miwili imeshika. Kopo lilikuwa wapi?"

"Mdomoni. Nimeung'ata ule waya wake."

Akachora kopo likining'inia kwenye meno. Alipomaliza aliitazama picha ile, akaweka kalamu chini.

"Mama, alikuwa amelala?"

"Siku ya kwanza alikuwa amelala."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili ongeza nzi," alisema Khiroda.

Chumba cha pili Bibi Nistarini alikuwa akikoroma. Khiroda aliketi, akachukua ungo wake, akaendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, na sauti yake haikubadilika, ileile ya sufuria na mlango.

"Mama alikuwa barazani kwa duka la nguo, anaharisha damu, hawezi hata kukaa. Sheria ni hiyo uliyoandika, kila mdomo uje wenyewe. Wa mama haukuweza kuja. Kwa hiyo siku ya kwanza upawa wangu nikala, wa Bhulu nikampelekea mama. Bhulu alikuwa hali tena, ukimtia kitu kinatoka. Usiku akanyamaza. Asubuhi nikafikiri, mama atakula nini? Nikambeba. Mpakuaji akaniuliza, 'We mtoto, huyu mdogo wako haamki hata siku moja?' Nikamwambia, 'Bwana, huyu ana usingizi wa kifalme, akiamka ataanza kudai kodi.' Akacheka. Watu nyuma wakacheka. Akanipa upawa wa pili, tena akaujaza."

Akatupa kijiwe dirishani.

"Nisingemchekesha angemwangalia," alisema.

Shashadhar aliona aibu ya miezi sita ikimpanda mwilini. Treni, ng'ombe, watoto wote wale waliocheka. Alikuwa akimchekea maiti, na mama yake alikuwa ameketi pembeni akimchongea kalamu.

"Mbona hukunizuia?"

"Nikuzuie ili iweje? Ndivyo ilivyokuwa. Nilimwacha nyuma ya kituo, penye wale wengine, nikamfunika majani ya kulia chakula, nikarudi kwa mama na hadithi ya motokaa. Sasa chora."

"Bibi atasomewa. Mithu atamsomea kila neno."

"Najua."

"Itamuua."

"Huyo hafi. Tungekuwa watu wa kufa tungekufa zamani. Baba, mimi nimejaribu kumwambia miaka arobaini na mitatu, ulimi unaganda. Wewe una mkono. Akijua kwamba amekufa atalitoa jina. Mimi nataka jina tu."

Akachora siku tatu. Alitaka mara mbili kuacha, na mara moja alichora kweli polisi mnene, akamchana. Aliweka vichekesho vyote mahali pake, kwa sababu vilikuwa vya kweli: usingizi wa kifalme, kodi, foleni nzima inacheka. Kunguru alikaa begani kwa Bhulu, na ndani ya kiputo chake Shashadhar aliandika: *Mimi nilijua. Mimi na nzi. Sijawahi kuwa na adabu, lakini siku ile nilifunga mdomo.* Kisha majani ya kulia chakula. Kisha baraza la duka, mama mgonjwa, kopo. *Bhulu yuko wapi? Bibi mmoja wa motokaa kamchukua.* Mama anakula. Kisanduku cha mwisho kilikuwa kopo tupu tu.

Ghoshal alizisoma kurasa hizo akiwa amesimama. Alicheka kwenye kodi, kicheko cha tumboni, kisha akafungua ukurasa unaofuata na kicheko kikamkatikia njiani. Alikaa. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

"Mtu mbaya wewe," alisema mwishowe. "Nimecheka. Umenifanya nicheke kwanza."

"Ndivyo ulivyoagiza, Kaka."

"Na yule polisi?"

"Hayupo."

Ghoshal alitazama gunia la barua, akatazama kurasa. Alisema wazazi watamkata kichwa. Kisha akaita mtu wa kiwanda cha kuchapa azipeleke kabla hajabadili nia.

Toleo la sikukuu lilitoka siku nane kabla ya Mahalaya. Mithu alipanda ngazi akikimbia, jarida mkononi, saa ya chakula. Sahani nne zilikuwa zimekwisha pakuliwa, kawa liko juu ya ile ndogo. Khiroda alimwashiria mtoto aketi. Shashadhar alitaka kutoka nje, akabaki na sahani yake.

Mithu alisoma kwa madaha. Alimwigiza mpakuaji kwa sauti nene. Alipofika kwenye kodi alicheka mwenyewe mpaka akapaliwa, na bibi akacheka naye, meno matano yote nje. Kisha kunguru akasema alichosema. Mithu alipunguza mwendo. Akasoma tena kiputo kile, kimoyomoyo.

"Bibi," alisema, "kumbe Bhulu..."

"Nani kakwambia usimame? Soma."

Alisoma majani. Alisoma motokaa. Alisoma kopo tupu, ambalo halikuwa na neno la kusoma, akabaki ameliangalia. Alikuwa mtoto, na watoto hawajui kunyamaza.

"Sasa huyu mama mtu," alisema, "si amekula chakula cha Bhulu?"

Nzi mmoja alitua kwenye kawa, na Khiroda akamfukuza.

"Nzi kawachora?" Bibi Nistarini aliuliza.

"Kawachora, Bibi. Wengi."

"Harufu haikuchoreka." Akaweka mkono wake juu ya goti, akautazama kama wa mtu mwingine. "Nenda kwenu, Mithu."

Mtoto alishuka ngazi polepole. Bibi alisubiri mpaka mlango wa chini ulipogonga.

"Ulirudi unanuka, Khiroda," alisema. "Mimi nilizaa watano, watatu nikawazika kabla ya njaa. Harufu ile naijua. Ulikuwa unanipa habari za motokaa na mikono yako ilikuwa inanuka mwanangu."

Khiroda alikuwa ameshika mwiko wa wali. Hakuuweka.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua kabla hujatua kopo."

"Na ukala."

"Nikala. Na kopo nikalilamba."

Shashadhar alijikuta amesimama. Katika maisha yake hakuwahi kumpandishia bibi yake sauti, na hata hapo haikupanda, ilitoka nyembamba. "Basi hii sahani ya nini? Miaka arobaini na mitatu unamlisha mama kiporo mbele za watu, anaitwa mlafi, na wewe unajua? Alikuwa na miaka tisa. Alikubebea wewe."

"Kaa chini, unanizibia upepo," alisema bibi, na Shashadhar hakukaa. "Akiwa hai kwa mayatima, mimi nilikula mseto tu. Amekufa, nilikula nini? Nambie wewe uliyesoma." Alimtazama binti yake, si kwa upole, upole hakuwa nao. "Nikikuangalia wewe unakula sahani yake, naona mlafi ni mmoja humu ndani, na si mimi. Nilipata usingizi. Ndiyo hivyo. Mkitaka nipelekeni nikatupwe."

Hakuna aliyempeleka popote. Khiroda aliweka mwiko chini, akala wali wake, akaosha sufuria. Jioni ilipofika bibi hakusema kwamba Bhulu hakuja. Khiroda aliivuta sahani bila kuambiwa, akala, na safari hii mama yake aliangalia ukutani. Siku saba zikapita hivyo. Barua za wazazi zilifika kwa Ghoshal kwa magunia, mmoja akiandika kwamba mwanawe amekataa kula tangu Jumanne, na Ghoshal akaibandika hiyo juu ya zote. Nyumbani jina halikutajwa. Khiroda hakuliomba. Shashadhar alimwona mama yake akizeeka wiki ile, na alijua ni kwa nini: alikuwa ametumia silaha yake ya mwisho, na mzee bado ameufumba mdomo.

Alfajiri ya Mahalaya redio za mtaa mzima ziliimba sala. Shashadhar alichukua chombo chake cha shaba na fumba la ufuta, akavaa nguo ya mtoni. Mama yake alikuwa ameketi jikoni gizani, mgongo wake umeelekea mlangoni. Alipofika penye ngazi alisikia sauti kutoka kitandani.

"Shashi. Una kalamu?"

"Ninayo, Bibi."

"Mchoraji gani anatoka bila kalamu. Andika. Annadacharan. Mtumishi wa Mama Mgawa Chakula." Alikohoa. "Baba yake ndiye aliyemchagulia. Alikuwa na mzaha sana yule mtu. Annadacharan Bera. Usikosee, likikosewa hasikii."

Aliliandika kiganjani. Jikoni mgongo wa mama yake ulikuwa umeinama mpaka paji la uso limegusa ndoo.

Mtoni Bagbazar maji yalikuwa mazito ya udongo, na wanaume mamia walikuwa wamesimama ndani yake mpaka kiunoni. Kuhani wa sala alimuuliza majina, naye akayataja moja moja, baba, babu, baba wa babu. Alipofika pale alipozoea kuruka akafungua kiganja. Wino ulikuwa umeanza kuyeyuka. Alilisema kwa sauti, mara tatu kama inavyotakiwa, akamimina, na mwanamume aliyekuwa karibu alimtazama kwa sababu alikuwa analia kwa kelele.

Aliporudi ilikuwa karibu saa ya kula. Khiroda alikuwa amepakua sahani tatu. Ile ndogo ilikuwa imeoshwa, imeegemezwa ukutani ikauke, na kawa limetundikwa msumarini.

"Umempa?" aliuliza bibi.

"Nimempa."

"Kwa jina lake?"

"Kwa jina lake."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akaanza kula. Wakala wote watatu. Khiroda alimaliza sahani yake kama anavyomaliza siku zote, akapitisha kidole, akabaki ameketi na mkono wake mchafu hewani. Mlango ulikuwa wazi, majirani wanapita. Alitazama pale karibu na mlango, pakavu, hapana kitu. Akameza mate.

"Unangoja nini?" Nistarini alimuuliza.

Khiroda aliinamisha uso. Mjane wa miaka hamsini na miwili, aliona haya kama mtoto aliyefumaniwa.

"Sijashiba," alisema.

Bibi Nistarini akaisukuma sahani yake mwenyewe sakafuni, wali ukiwa nusu, mpaka ikagonga ya binti yake.

"Kula," alisema. "Chakula hiki ni chako."